Soga za Waandishi wa Programu

Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, palikuwa na mtambo wa kompyuta uliokwenda kwa jina la PLATO, ambao ulijengwa ili ufundishe hesabu, sayansi na lugha kwa wanafunzi walioketi mbele ya skrini zenye mwanga wa rangi ya chungwa. Na kwa kuwa hapana chombo kitokacho mikononi mwa binadamu kisicho na kasoro, watu waliokuwa wakiutumia walihitaji mahali pa kuandika hitilafu walizozikuta, ili mafundi wazione na kuzitengeneza. Hapo awali hitilafu hizo ziliandikwa katika faili moja lililokuwa wazi kwa wote, na yeyote aliyetaka aliweza kufuta maneno ya mwenziwe, au kuyatia maneno yake mwenyewe jina lisilokuwa lake. Kijana wa miaka 17, David Woolley, akapewa kazi ya kuondoa fujo hiyo, naye akaandika programu iliyoitwa Notes, ambayo yenyewe ilitia jina la mwandishi na tarehe juu ya kila taarifa, na kuyapanga majibu chini yake kwa utaratibu. Kwa nia ya wakuu wake, ile ilikuwa daftari ya kasoro na si kitu kingine. Lakini watu hawakuridhika kuandika kasoro peke yake. Mwaka uo huo Doug Brown alitengeneza Talkomatic, ambayo kwayo watu watano waliweza kuzungumza kwa maandishi papo kwa papo, kila mmoja katika sehemu yake ya skrini, herufi moja moja ikionekana kwa wenziwe kadiri alivyokuwa akiigusa. Na ilipofika mwaka 1976, Notes ilipopanuliwa ili kila jambo liwe na daftari yake, zikazuka daftari za vitabu, za sinema, za dini, za muziki na za mambo mengine makumi kwa makumi ambayo hayakuhusiana hata kidogo na ufundishaji wa hesabu.

Nimetanguliza habari hiyo kwa sababu watu wengi wanamdhania mwandishi wa programu kuwa ni kiumbe wa upweke, anayekesha na mashine yake bila ya kusema na mtu, na kwamba saa anayoitumia kuzungumza na wenziwe juu ya mpira, mapishi au mapenzi ni saa iliyoibwa kazini. Dhana hiyo si sahihi. Tangu kompyuta zilipoanza kuunganishwa, wenye kuziunganisha wamekuwa wakipiga soga kwa njia yake, na soga hizo zimezaa ada, istilahi na maarifa ambayo hayangalipatikana kwa kukaa kimya. Nami nashikilia kwamba soga si kupumzika kutoka katika kazi ya programu, bali ni sehemu ya kazi yenyewe.

Chukua mfano wa ARPANET, mtandao uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kuanza kufanya kazi mwaka 1969, ambao ndio mzazi wa intaneti ya leo. Shabaha yake ilikuwa kuwawezesha wataalamu kutumia kompyuta za mbali, kwani mashine zilikuwa chache na ghali mno. Mwaka 1971 Ray Tomlinson akatuma barua pepe ya kwanza kutoka mashine moja kwenda nyingine, akitumia alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la mashine. Na haikupita miaka miwili ikadhihirika kwamba yapata robo tatu ya mizigo yote iliyopita katika mtandao ule ilikuwa barua za watu, wala si hesabu za mashine. Mnamo Septemba 1973 Leonard Kleinrock, mmoja wa wakuu wa elimu hii, alirejea Los Angeles kutoka katika mkutano uliofanyika Brighton, Uingereza, akagundua kwamba amesahau wembe wake wa umeme huko. Akaketi mbele ya mashine, akatazama ni nani aliyekuwa akitumia mtandao saa ile ya usiku mkubwa wa Uingereza, akamwona mwenzake Lawrence Roberts, akamwomba amletee wembe wake. Wembe ukaletwa. Mtandao uliojengwa kwa mamilioni ya dola za serikali ulikuwa umetumika kuulizia kifaa cha kunyolea ndevu, na hapana jambo linaloonyesha kwa uwazi zaidi kwamba watu wamekwisha kukizoea chombo kuliko pale wanapokitumia kwa haja ndogo kama hiyo.

Mfano ulio bora kuliko yote, na ambao unastahili kuangaliwa kwa utulivu, ni ule wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, mwezi Septemba 1982. Idara ya kompyuta ya chuo hicho ilikuwa na ubao wa matangazo ndani ya kompyuta, ambapo walimu na wanafunzi waliandika habari za mikutano na vitu vilivyopotea, na pia walifanyiana mizaha na kupeana mafumbo. Siku moja mmoja wao akauliza swali la fizikia: ikiwa ndani ya lifti kuna mshumaa unaowaka, uliopachikwa ukutani, na sakafuni kuna tone la zebaki, kisha kamba ya lifti ikakatika na lifti ikaanguka, mshumaa utakuwaje, na zebaki itakuwaje?

Swali hilo si la upuuzi. Kitu kinachoanguka huru pamoja na chumba kilichokizunguka huwa kama kisicho na uzito. Tone la zebaki, ambalo kwa kawaida hutandazwa kidogo na uzito wake, hujikusanya likawa tufe kamili kwa nguvu ya mvutano wa uso wake, na huenda likaruka kutoka sakafuni. Na ule mwali wa mshumaa, ambao urefu wake hutokana na hewa ya moto kupanda juu na hewa baridi kuingia chini yake, hukosa mpando huo, ukafifia na kuwa mviringo, na pengine ukazimika kwa kukosa hewa mpya. Basi watu wakajadiliana kwa raha. Mmoja akaandika kwa mzaha tangazo la hadhari, kwamba kwa sababu ya jaribio la fizikia lililofanyika karibuni, lifti ya mkono wa kushoto imechafuliwa na zebaki na imeungua kidogo, na kwamba itakuwa imesafishwa kufikia asubuhi ya Ijumaa. Waliofuata mazungumzo tangu mwanzo walicheka. Lakini wapo walioliona tangazo lile peke yake, bila ya yaliyotangulia, nao wakalisadiki, kwani zebaki ni sumu na hapana ajabu watu kuionea hofu.

Hapo likazuka shauri la kutafuta alama ya kuonyesha kwamba maneno fulani ni mzaha. Mmoja akataka alama ya nyota; mwingine akataka alama ya asilimia; wa tatu akapendekeza alama ya & kwa kuwa umbo lake linafanana na mtu mnene anayejipinda kwa kicheko; na mwingine akaona # inafaa zaidi, kwa sababu inafanana na meno yaliyo wazi kati ya midomo. Tarehe 19 Septemba, saa 5 na dakika 44 asubuhi, Scott Fahlman akaandika pendekezo lake: nukta mbili, kistari na kifungo cha mabano, :-) yaani uso unaocheka ukiutazama kwa kuinamisha kichwa upande, na kwa mambo yasiyo mzaha, uso wa huzuni, :-(. Katika muda mfupi alama hizo zikaenea hadi vyuo vingine na maabara za mbali. Waraka wenyewe ulisahauliwa, hata mwandishi wake hakuwa na nakala, mpaka mwaka 2002, baada ya miaka 20, ulipopatikana kwa jitihada kubwa katika kanda za sumaku za akiba zilizokuwa zimehifadhiwa chuoni.

Kwamba haja ile ya alama ilikuwa ya kweli, jambo hilo limethibitishwa na elimu ya nafsi. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake walichapisha majaribio ambayo ndani yake watu waliandikiana sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, kwa barua pepe. Waandishi walitumai kwamba wasomaji wangetambua maana yao katika visa 78 kwa kila 100. Wasomaji walitambua 56 tu, na anayebahatisha kwa kurusha sarafu angepata 50. Mwandishi huisikia sauti yake mwenyewe akilini anapoandika, akadhani kwamba na msomaji naye ataisikia. Wale wa Pittsburgh waliling'amua jambo hilo kwa uzoefu miaka 23 kabla halijapimwa maabarani, na waliling'amua kwa kutaniana, kwa maana katika taarifa ya kazi peke yake tatizo hilo huchukua muda mrefu kujitokeza.

Kwa nini basi watu wenye kazi nyingi wapoteze wasaa wao kwa mazungumzo ya namna hiyo? Bronisław Malinowski, mwana anthropolojia aliyekaa yapata miaka miwili na wenyeji wa visiwa vya Trobriand, aliandika mwaka 1923 kwamba yako maneno ambayo kazi yake si kupeleka habari bali kufunga uhusiano: salamu, maulizo ya hali, kauli juu ya mvua na jua. Robin Dunbar, mwanasaikolojia wa Uingereza, alikwenda mbele zaidi. Aliona kwamba nyani hushikamana kwa kuchambuana manyoya, na baadhi yao hutumia hata sehemu moja kwa tano ya siku kwa shughuli hiyo. Binadamu, ambaye jamaa zake ni wengi mno kiasi cha kutoweza kuwachambua mmoja mmoja, amejaaliwa mazungumzo badala yake. Yeye na wenzake waliposikiliza mazungumzo ya watu katika maeneo ya kawaida, waliona kwamba yapata theluthi mbili ya muda huenda katika habari za watu na jamii, na kazi, siasa, sanaa na mengineyo hugawana ile theluthi iliyosalia. Nadharia ya Dunbar juu ya asili ya lugha ina wapinzani wake. Lakini kipimo chake cha mazungumzo ya kila siku kinakubaliana na yale ambayo kila mmoja wetu huyasikia.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba faida ya soga ni mapenzi tu. Maarifa yenyewe husafiri ndani yake. Julian Orr, mwana anthropolojia aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, aliandamana na mafundi wa mashine za fotokopi katika ziara zao, akatoa kitabu mwaka 1996 juu ya aliyoyaona. Kampuni iliwapa mafundi vitabu vya maelekezo: ukiona namba fulani ya hitilafu, fanya hivi, kisha hivi. Orr akaona kwamba mashine haifuati kitabu. Namba ya hitilafu huelekeza mahali pamoja ilhali ugonjwa uko pengine. Alieleza namna fundi na mtaalamu wake walivyosimama mbele ya mashine iliyowashinda, kitabu kimekwisha faida, wakabaki kusimuliana: je, wakumbuka ile mashine ya mahali fulani, ilivyofanya hivi kabla ya kufanya vile? Kisa kikavuta kisa, mpaka visa viwili vilipokutana na sababu ikadhihirika. Kisha habari ya siku ile ikasimuliwa kwa mafundi wengine walipokuwa mezani kwa chakula, ikawa mali ya wote. Meneja aliyepita hapo angaliona watu wanapiga porojo. Kwa kweli walikuwa wakiandika kitabu kisichokuwako.

Ndivyo ilivyo kwa waandishi wa programu, ambao wengi wao wamepata kuuliza kwa mzaha juu ya jambo lisilo na maana, wakajibiwa neno lililowaokoa kazi ya wiki nzima. Na hata mzaha mtupu hufundisha: tarehe 1 Aprili 1990, David Waitzman alichapisha, katika mfululizo ule ule unaotolea kanuni za intaneti, waraka namba 1149, unaoeleza kwa lugha rasmi kabisa namna ya kusafirisha pakiti za data kwa njiwa. Ulikuwa mzaha wa sikukuu ya wajinga. Tarehe 28 Aprili 2001 kikundi cha wapenzi wa mfumo endeshi wa Linux mjini Bergen, Norwei, kikautekeleza: wakachapa kila pakiti katika kipande cha karatasi, wakakifunga mguuni mwa njiwa, na upande wa pili wakakisoma kwa skana na kukirudisha ndani ya kompyuta. Pakiti 9 zilitumwa, majibu 4 yakarudi, kila moja likichukua muda wa kati ya karibu saa moja na karibu saa mbili. Lakini majibu yalikuwa sahihi! Kanuni za intaneti hazijali kama zinabebwa na waya, na mwanga au na ndege, na mwanafunzi aliyelifahamu jambo hilo kupitia kwa njiwa wa Bergen halisahau tena. Mimi sijaona kitabu cha darasani kinachoifundisha nguzo hiyo kwa uzuri kama huo.

Iko faida nyingine, nayo ni ya watu wasiojuana sana. Mwanasosiolojia Mark Granovetter, katika utafiti wake wa mji wa Newton, jimbo la Massachusetts, aliwauliza watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu ni mara ngapi walikuwa wakionana na mtu huyo. Ni asilimia 16.7 tu waliosema mara kwa mara; asilimia 55.6 walisema mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Rafiki wa karibu anajua yale uyajuayo wewe. Habari mpya huletwa na yule wa pembeni. Wenyeji wa pwani yetu wameijua hekima hii kwa kukaa barazani jioni, ambapo baharia, mwashi, mwalimu na mchukuzi hukutana bila ya ajenda, na yule aliyekuja kuzungumzia mvua huondoka na habari ya kazi, ya dawa au ya chombo kinachosafiri kesho. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafanya watu wafanye kazi majumbani, watafiti walipima mawasiliano ya wafanyakazi 61,182 wa Microsoft nchini Marekani. Wakakuta kwamba sehemu ya muda ambayo watu walishirikiana na vikundi visivyo vyao ilipungua kwa yapata robo. Kila kundi lilijifungia ndani yake. Kazi za siku hazikukoma, bali kilichotoweka ni yale maneno ya ukumbini na ya penye mashine ya kahawa, yasiyoandikwa katika ratiba ya mtu.

Wenye kupinga soga wana hoja zao, na si hoja za kupuuzwa. Kuandika programu kunataka utulivu wa akili, na Gloria Mark, aliyechunguza kazi za maofisini, alikuta kwamba mtu aliyekatizwa huchukua zaidi ya dakika 20 kabla ya kuirudia kazi ile ile. Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008 ili watu waulize na kujibu maswali ya programu, ilikataza salamu na maneno ya pembeni ili jibu lionekane upesi. Na katazo lile liliifaa. Lakini hata hapo, mwaka 2010 ilibidi wafungue vyumba vya mazungumzo, kwa sababu watu wale wale waliojibu maswali kwa ufupi na ukavu walitaka mahali pa kufahamiana. Nami naona huo ndio uamuzi wa busara: soga iwe na chumba chake, swali liwe na chake, na mlango baina yao uwe wazi.

Hatari kubwa zaidi ni pale mzaha unapogeuka kuwa upanga. Mgeni aingiapo katika kundi la waandishi wa programu akakuta utani usioelezwa, matusi yanayohesabiwa kuwa ni ukakamavu, na dhihaka kwa wanawake au kwa wasiojua Kiingereza vizuri, huondoka kimya na elimu yake, wala hapana ajuaye kilichopotea. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, ambaye ukali wa maandishi yake kwa wenziwe ulikuwa mashuhuri duniani, aliomba radhi hadharani mnamo Septemba 2018, akapumzika kwa majuma kadhaa, na mradi wake ukapitisha kanuni mpya za adabu. Haikuwa fedheha kwake, ilikuwa heshima. Soga isiyo na adabu hufukuza watu wa pembeni, na hao ndio waletao habari mpya.

Leo wako vijana wengi katika Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala wanaoandika programu na kujikusanya katika makundi ya simu, ambayo mengi yake yana onyo juu ya mlango: humu ni mambo ya kazi tu. Anayetuma picha ya chakula chake au habari ya timu yake hukaripiwa, na baada ya miezi kadhaa kundi hubaki na matangazo ya nafasi za kazi na maswali yasiyojibiwa, kwa maana hapana anayemjua mwenziwe kiasi cha kumhurumia. Nawasihi viongozi wa makundi hayo wafungue kando chumba cha mazungumzo huru, wakitie adabu za kumlinda mgeni, waruhusu humo Kiswahili cha kila siku na mizaha yake, na wahifadhi yaandikwayo mahali pasipopotea pamoja na simu ya mtu.